Nani Anaidai Alama Yako ya Kiingereza?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita Tanzania amefundishwa masomo kama fizikia, jiografia au historia kwa Kiingereza miaka sita mfululizo, na karatasi karibu zote za Baraza la Mitihani (NECTA) amezijibu kwa lugha hiyo. Siku anapofungua masharti ya udahili ya chuo cha Uingereza au Marekani anakuta anatakiwa kuleta alama ya mtihani wa Kiingereza wa kimataifa: IELTS, TOEFL au Duolingo. Ada ya mitihani miwili ya kwanza hufika dola 200 na zaidi. Swali linalomtoka ni la haki kabisa: miaka sita yote ile ilikuwa ya nini?

Mkenya mwenye cheti cha sekondari cha KCSE anauliza hivyo hivyo, tena kwa uchungu zaidi, maana yeye amesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Mkongo wa Goma au Bukavu haulizi, kwa sababu masomo yake yamekuwa ya Kifaransa na anajua ana mlima wa kupanda. Mnyarwanda yuko katikati: nchi yake ilihamisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mwaka 2008, kwa hiyo umri wake ndio unaoamua amesoma kwa lugha ipi na kwa muda gani.

Wengi huanza kwa kuuliza mtihani upi ni rahisi. Naomba swali hilo liwekwe pembeni kwanza, kwa sababu limewapotezea watu fedha nyingi. La kuanzia ni hili: nani anaidai alama hiyo? Wanaoidai wanaweza kuwa watatu, na kila mmoja ana kanuni zake. Kuna chuo chenyewe. Kuna idara au kitivo ndani ya chuo, ambacho mara nyingi hudai zaidi ya kile chuo kinachotangaza kwa ujumla. Sheria, uuguzi na ualimu hasa. Halafu kuna serikali inayotoa viza. Unaweza kumridhisha mmoja na bado ukakwama kwa mwenzake.

Marekani suala hili ni jepesi kidogo. Serikali ya huko haijaweka mtihani wa taifa wa Kiingereza kwa anayeomba viza ya mwanafunzi. Chuo ndicho kinachoamua kinapokea mtihani gani na kwa alama ngapi, kisha katika fomu ya I-20, ile unayopewa na chuo ya kuombea viza, kinajaza kwamba mwombaji ana Kiingereza cha kutosha, au kwamba kitamfundisha, au kwamba hakikihitaji. Ofisa wa ubalozi atakuhoji kwa Kiingereza dirishani na anaweza kuona mwenyewe unavyojieleza, lakini hatakudai cheti ambacho chuo hakikukudai. Kwa hiyo ukiomba Marekani, ukurasa wa udahili wa chuo husika ndiyo sheria yako. Kikisema kinapokea Duolingo, kinapokea Duolingo.

Uingereza ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi huumia. Serikali ya Uingereza yenyewe imeweka kiwango: anayekwenda kusoma shahada anatakiwa kuwa na Kiingereza cha ngazi ya B2, na anayekwenda kusoma kozi ya chini ya shahada, ngazi ya B1. Ngazi hizo zinatoka kwenye kipimo cha Baraza la Ulaya kilichochapishwa mwaka 2001, kinachoanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea. Kwa masomo ya shahada, vyuo vikuu vyenye rekodi nzuri vinaruhusiwa kuthibitisha vyenyewe kwamba mwanafunzi amefika B2, kwa njia vinayoiamini. Ndiyo maana baadhi yao hupokea TOEFL, Duolingo, hata alama ya Kiingereza ya KCSE. Ukiombea kozi ya maandalizi, ile ya mwaka mmoja kabla ya shahada, uhuru huo hauko tena. Hapo unatakiwa kufanya mtihani uliomo kwenye orodha ya serikali, katika kituo kilichoidhinishwa na serikali.

Mfano ulio wazi ni IELTS. Iko IELTS ya kawaida na iko IELTS ya UKVI, yaani ya viza ya Uingereza. Maswali ni ya aina moja, usahihishaji ni ule ule, alama ni zile zile. Tofauti ni kituo, ulinzi wake, na ada ambayo iko juu zaidi. Mtu anaweza kupata alama nzuri katika ile ya kawaida, chuo kikampokea kwenye kozi ya maandalizi, halafu akaambiwa arudi kufanya mtihani ule ule kwa jina lingine. Kabla ya kulipia chochote, iandikie ofisi ya udahili sentensi moja: je, kwa kozi hii mnahitaji IELTS ya UKVI au ya kawaida inatosha? Jibu likija kwa maandishi, litunze.

Ukali huu wa Waingereza una chanzo chake. Februari 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha udanganyifu katika vituo vya mtihani wa TOEIC nchini Uingereza: watu wengine wakiingia kufanya mtihani badala ya watahiniwa, majibu yakisomwa kwa sauti chumbani. Mtihani huo ulikuwa wa ETS, shirika lile lile la Marekani linalotoa TOEFL. ETS ilikagua sauti za waliofanya mtihani huo Uingereza kati ya 2011 na 2014, na katika mitihani zaidi ya 58,000 ikasema karibu asilimia 58 ni batili na karibu asilimia 39 inatiliwa shaka. Jumla ni asilimia 97. Serikali ikafuta viza kwa maelfu na watu wakaondolewa nchini. Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ya mwaka 2019 ilieleza kwamba rufaa 12,500 zilikuwa zimesikilizwa, na takriban watu 3,600 walishinda. Miongoni mwa walioshinda wamo watu waliopoteza miaka ya masomo na heshima mbele ya ndugu zao kwa sababu ya makosa ya wengine na ukaguzi wa jumla jumla. TOEIC na TOEFL zikatoka kwenye orodha ya viza ya Uingereza. Ukikuta leo kituo kinakupiga picha, kinachukua alama za vidole na kukataa saa yako ya mkononi, chimbuko kubwa la ukali huo ni mwaka 2014.

Jambo moja linaniuma katika kanuni za Uingereza. Iko orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi kuthibitisha Kiingereza. Jamaika imo, Malta imo, Guyana imo. Hakuna nchi hata moja ya Afrika Mashariki, na Nigeria nayo haimo, ingawa huko shule, mahakama na bunge vinatumia Kiingereza. Mwaka 2021 vijana wa Nigeria walianzisha kampeni ya kudai sharti hilo liangaliwe upya, na mimi naona hoja yao ni nzito. Kipimo kinachoangalia pasi ya kusafiria badala ya kuangalia mtu alivyosoma hakimtendei haki aliyekaa darasani miaka kumi na miwili akisikiliza Kiingereza.

Pamoja na hayo, lazima tuseme ukweli wa upande wetu. Mwanafunzi wa Tanzania anayechukua mchepuo wa sayansi, kama PCM au PCB, mara nyingi huacha kusoma Kiingereza kama somo baada ya kidato cha nne. Kwa miaka miwili ya mwisho Kiingereza kwake ni lugha ya notisi za baiolojia na fomula za kemia. Mwalimu akitaka somo lieleweke hugeukia Kiswahili, na anafanya vizuri kugeuka, kwa sababu somo ndilo lililo mbele yake. Matokeo yake kijana anaijua istilahi yote ya usanisinuru kwa Kiingereza, lakini hajawahi kukaa dakika kumi na nne akizungumza lugha hiyo na mtu asiyemjua kuhusu mtaa anaoishi. Mitihani hii inapima jambo hilo la pili.

Ndani ya chumba cha mtihani

IELTS inamilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge, na ilianza mwaka 1989. Kwa chuo unafanya ile ya kitaaluma, si ile ya mafunzo ya jumla ambayo hutumika zaidi kwa uhamiaji na kazi. Zinatofautiana kwenye kusoma na kuandika, na ukikosea kuchagua wakati wa kujisajili alama yako haitakusaidia.

Kusikiliza ni dakika 30 na maswali 40, na kila sauti unaisikia mara moja tu. Maswali mengi yanataka uandike neno au tarakimu, na tahajia inahesabiwa. Kuna agizo la idadi ya maneno: ukiambiwa usizidishe maneno mawili ukaandika matatu, umekosa hata kama jibu lenyewe liko humo ndani.

Kusoma ni saa moja, matini tatu, maswali 40. Swali linaloangusha watu wengi ni lile la kuamua kama sentensi ni kweli, si kweli, au haijaelezwa. Tuchukue matini isemayo kwamba mwaka 1950 kijiji kilikuwa na visima vitatu. Sentensi ya kwanza inadai kijiji kilikuwa na kisima kimoja: si kweli. Ya pili inadai visima hivyo vilichimbwa na wanakijiji wenyewe. Mtahiniwa anawaza, visima vya zamani si huchimbwa na wanakijiji? Anaandika kweli. Jibu ni haijaelezwa, kwa sababu matini haikutaja aliyevichimba. Shuleni tumezoeshwa kuleta maarifa yetu kwenye jibu na kusifiwa kwa hilo. Hapa maarifa yako unayaacha mlangoni pamoja na simu.

Kosa hilo hilo hujirudia kwenye kuandika. Kazi ya kwanza inakupa grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua za kutengeneza kitu, uieleze kwa maneno yasiyopungua 150. Ukipewa grafu ya mvua ya miji miwili, usieleze mabadiliko ya tabianchi wala ukataji wa misitu. Eleza mji upi ulipata mvua nyingi, mvua ilipanda lini, ilishuka lini, na mwenendo wa jumla ni upi. Bila sentensi inayotoa picha ya jumla, alama inabanwa. Kazi ya pili ni insha ya hoja isiyopungua maneno 250, na uzito wake ni mara mbili ya kazi ya kwanza, kwa hiyo dakika 40 kati ya 60 ni zake.

Kwenye insha hii ndipo mafunzo yetu ya shule yanapogongana na msahihishaji. Sisi huanza kwa kufafanua maana ya neno kuu, tukazunguka, tukataja pande zote mbili kwa heshima, ndipo tukafika. Msahihishaji wa IELTS anatazama vitu vinne: umejibu swali lililoulizwa, hoja zinafuatana na kushikana, msamiati wako una upana na usahihi, na sarufi yako vilevile. Swali likiuliza unakubali kwa kiasi gani, anataka ajue msimamo wako mapema na auone umebaki pale pale hadi mwisho. Aya nzuri za kukariri zinazouzwa kwenye vikundi vya WhatsApp hazisaidii, kwa kuwa wasahihishaji wamefunzwa kuzitambua na maneno ya kukariri hayahesabiwi kama kazi yako.

Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14 na mtahini ana kwa ana. Kwanza maswali mepesi ya nyumbani, masomo na mapendeleo. Kisha unapewa kadi yenye mada na dakika moja ya kujiandaa, uzungumze dakika moja hadi mbili bila kukatizwa. Mwisho mjadala wa kina kuhusu mada hiyo. Lafudhi ya Kitanzania au ya Kikenya haikupunguzii alama. Linalopimwa ni kama unaeleweka bila msikilizaji kuhangaika. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mambo yetu ya kuangalia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunauhamishia kwenye Kiingereza: mtu anatamka "development" akikaza "lop" badala ya "vel", "calendar" akikaza "len". Tunapenda pia kufunga neno kwa irabu. Halafu kuna "he" na "she". Lugha yetu haimtofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, hivyo mtu anamweleza mama yake vizuri kabisa na katikati ya sentensi anamwita "he". Kosa hilo halimzuii mtu kuelewa, lakini likirudiarudia linashusha alama ya sarufi. Dawa yake ni kujirekodi kwa simu ukizungumza dakika mbili kuhusu dada yako, ujisikilize, urudie.

TOEFL ina tabia tofauti. Ilianza mwaka 1964, wakati vyuo vya Marekani vilipokuwa vinapokea wageni wengi na vinahitaji kipimo kimoja, na tangu 2005 inafanywa kwa intaneti. Hakuna mtahini mbele yako. Unazungumza na maikrofoni huku chumba kizima kikizungumza na maikrofoni zao. Kwa wenye haya hilo ni nafuu, kwa wengine ni mateso. Kuanzia Januari 2026 imebadilika sana: kusoma na kusikiliza sasa hujirekebisha kulingana na unavyojibu, kuna kuandika barua pepe, kuna kusikia sentensi na kuirudia, na kuna mahojiano ya maswali yaliyorekodiwa. Kitabu cha maandalizi cha mwaka 2022 ulichorithi kwa binamu hakikuandai tena kwa mtihani huo.

Duolingo English Test ndiyo iliyofungulia wengi mlango. Ilianza kukua kwa kasi mwaka 2020, vituo vya mitihani vilipofungwa kwa ajili ya korona na vyuo vikalazimika kutafuta njia nyingine. Inafanyika nyumbani kwa kompyuta yenye kamera, inachukua kama saa moja, majibu hutoka ndani ya saa 48, na ada yake ni karibu theluthi moja ya zile nyingine. Lakini nyumbani kwetu si kila nyumba ina chumba cha kujifungia. Unatakiwa uwe peke yako, chumba kiwe na mwanga, macho yasitangetange nje ya skrini, masikio yasizibwe na spika za kichwani. Mdogo wako akifungua mlango kuomba chaja, mtihani unaweza kubatilishwa. Umeme ukikatika, nao umekatika. Kwa hiyo kompyuta iwe na chaji kamili, na intaneti iwe ya kutegemewa. Bando la simu linaweza kutosha kama eneo lako lina mtandao mzuri, ila lijaribu siku kadhaa kabla kwa saa ile ile utakayofanyia. Wanaofanya mchana wa Jumapili mtaa ukiwa na sherehe na spika nje hujitafutia balaa. Na kumbuka: mtihani haufanyiki kwenye simu, lazima kompyuta. Aliyejifunza kuchapa kwa dole gumba kwenye simu atumie wiki chache kuzoea kibodi, maana hata Kiingereza kizuri hakikuokoi kama vidole havifiki.

PTE ya Pearson na vyeti vya Cambridge navitaja kwa ufupi. PTE husahihishwa na kompyuta kwa sehemu kubwa, alama ni 10 hadi 90, na ina nguvu zaidi kwa wanaokwenda Australia na Uingereza. Vyeti vya Cambridge kama C1 Advanced vina sifa moja kubwa: muda wake hauishi, ingawa chuo kinaweza kudai cha karibuni. Ndio ukoo mkongwe kuliko yote. Mtihani wao wa kwanza, mwaka 1913, ulifanywa na watahiniwa watatu kwa saa 12 jumla, na wote watatu walifeli.

Namna ya kuisoma alama

Hapa ndipo hesabu ndogo huharibu mipango mikubwa. IELTS inatoa alama 0 hadi 9 kwa kila sehemu, kisha wastani. Tuseme umepata kusikiliza 6.5, kusoma 6.5, kuandika 5.5 na kuzungumza 6.5. Jumla 25, gawanya kwa nne, 6.25. Wastani unaoishia na robo hupandishwa hadi nusu inayofuata, kwa hiyo cheti kinasoma 6.5. Nyumbani wanapiga vigelegele, kwa sababu chuo kilitaka 6.5. Mstari unaofuata kwenye tangazo la chuo, ule ambao wengi hawaufikii, unasema: pasiwe na sehemu iliyo chini ya 6.0. Ile 5.5 ya kuandika imefunga mlango. Kuandika ndiko huwa chini kuliko sehemu nyingine kwa watahiniwa wengi duniani, si kwetu tu, na ndiko kunakostahili nusu ya muda wako wa maandalizi.

Kwa hali kama hiyo IELTS ya kompyuta ina ruhusa ya kurudia sehemu moja tu badala ya zote nne, lakini si kila kituo kinaitoa na si kila chuo kinaipokea. TOEFL nayo huweka pamoja alama zako bora za kila sehemu kutoka mitihani ya miaka miwili. Chuo ndicho kinachoamua kama kitazitazama hizo au za mtihani mmoja.

TOEFL ya zamani ilikuwa na alama 120, yaani 30 kwa kila sehemu, na vyuo vingi vya Marekani vilizoea kudai 80 au karibu yake, vile vyenye ushindani mkali 100. Mfumo mpya unatoa 1 hadi 6 unaolingana na ngazi za A1 hadi C2, na katika kipindi cha mpito cheti kinaonyesha pia alama inayolingana kwenye ile 120. Duolingo ni 10 hadi 160. Usilinganishe kwa kukisia. Kila chuo kina jedwali lake, na vyuo viwili vinaweza kuilinganisha IELTS 6.5 na alama mbili tofauti za Duolingo. Fanya mtihani wa majaribio wa kila mmoja, Duolingo inautoa bure, kisha angalia kwa jedwali la chuo chako upi unakuweka karibu zaidi na sharti. Hapo sasa lile swali la mtihani upi ni rahisi linapata jibu, na jibu ni lako peke yako.

Australia nayo ilipandisha sharti lake la viza ya mwanafunzi Machi 2024, kutoka IELTS 5.5 hadi 6.0. Anayetumia ushauri wa kaka yake aliyekwenda 2022 asome upya.

Kabla hujalipa

Omba kusamehewa. Hilo halisemwi vya kutosha. Vyuo vingi vya Marekani huondoa sharti la mtihani kwa mwombaji aliyesoma kwa Kiingereza kwa miaka kadhaa, au aliyepata alama nzuri ya SAT, mtihani wa udahili wa Marekani, upande wa kusoma na kuandika. Baadhi ya vyuo vya Uingereza huipokea alama ya Kiingereza ya KCSE kwa kozi za shahada. Kwa Mtanzania utahitaji barua ya mkuu wa shule, kwenye karatasi rasmi yenye mhuri, ikitaja kwamba lugha ya kufundishia kidato cha kwanza hadi cha sita ilikuwa Kiingereza na mitihani yote, isipokuwa ya masomo yanayofundishwa kwa lugha nyingine kama Kiswahili, ilifanywa kwa lugha hiyo. Iombe kabla hujaondoka shuleni. Ukisharudi Sumbawanga na shule iko Moshi, barua hiyo itakugharimu nauli. Chuo kinaweza kukataa, na hakuna ulichopoteza ila barua pepe moja. Tazama tu kwamba msamaha wa chuo unakubalika pia kwa viza ya nchi hiyo na kwa kozi hiyo.

Kama ada ndiyo kikwazo, uliza chuo kama kina nafasi za kulipiwa Duolingo, kwa sababu Duolingo hutoa misamaha kupitia vyuo na taasisi. Ofisi za EducationUSA zilizo chini ya balozi za Marekani hutoa ushauri bila malipo.

Halafu majina. Jisajili kwa majina yaliyoko kwenye pasi, herufi kwa herufi, kwa mpangilio ule ule. Kwetu mtu anaweza kuwa na majina mawili kwenye cheti cha kidato cha nne, matatu kwenye kitambulisho cha NIDA, na kwenye pasi jina la babu likawa limeandikwa kwa "Y" badala ya "I". Kituoni wanalinganisha kitambulisho na fomu, na tofauti ndogo inaweza kukurudisha nyumbani bila kurudishiwa ada. Kama vyeti na pasi havifanani, tengeneza hati ya kiapo mapema na uitume pamoja na maombi ya chuo. Asiye na pasi aanze na pasi kabla ya kufikiria tarehe ya mtihani.

Alama za IELTS, TOEFL, PTE na Duolingo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili. Ukifanya mapema mno, kabla hata ya kujua utaomba lini, unaweza kuingia mwaka wa maombi na cheti kilichokwisha. Ukichelewa, hutakuwa na nafasi ya kurudia. Miezi minne hadi sita kabla ya dirisha kufungwa inatosha mtihani mmoja, majibu, na marudio moja. Siku ya kujisajili tayarisha majina ya vyuo: IELTS hutuma matokeo hadi vyuo vitano bila malipo ya ziada, TOEFL vinne ukivichagua kabla ya mtihani, na kutuma baadaye kunalipiwa.

Ukikosa kwa nusu alama, usikimbilie kulipa upya siku hiyo hiyo. Vyuo vingi vya Uingereza vina kozi fupi ya Kiingereza ya wiki kadhaa kabla ya masomo kuanza, na mwombaji aliyepungukiwa kidogo hupewa nafasi kwa sharti la kuimaliza. Ina ada yake, na kanuni za viza zinaihusu pia. Kwa IELTS, kama unaamini kuandika au kuzungumza kumesahihishwa kwa ukali, unaweza kuomba kusahihishwa upya ndani ya wiki sita tangu tarehe ya mtihani. Msahihishaji mwingine anapitia kazi yako, na alama ikibadilika unarudishiwa ada ya ombi hilo.